Kipindi cha Mwisho Nilikisikia Kwanza

Fundi rangi alikuwa anacheka peke yake juu ya ngazi, na mimi nimesimama chini na kikombe chake cha chai, najiuliza nimpe au nikimbie.

Hakikuwa kicheko cha kubana. Alicheka mpaka ngazi ikatikisika na rola ikamdondoshea matone begani, halafu akanyamaza ghafla, akakunja uso kama mtu aliyepewa habari mbaya, akapaka dari kidogo, akacheka tena. Sebuleni hatukuwa na mtu wa tatu. Makochi nilikuwa nimeyafunika mashuka ya zamani, picha zote nimezishusha, na katoni za vyombo zimejipanga katikati ya chumba kama abiria wanaosubiri kuitwa.

"Fundi," nikaita. Kimya. "Fundi, chai hii."

Wapi. Nikagonga ngazi kwa kijiko. Akatazama chini, akachomoa sikioni kidude cheupe chenye waya, na macho yake yalikuwa bado yanacheka.

"Samahani, bibie. Kuna mwanamke ananivunja mbavu."

"Mwanamke yuko wapi?"

"Sikioni."

Chai niliiweka juu ya katoni taratibu, kama unavyoweka kitu mbele ya mbwa usiyemjua tabia. Akaona, akashuka ngazi, akajifuta mikono kwenye ovaroli lililokuwa na kila rangi iliyowahi kupakwa mjini.

"Usiogope, akili ninazo. Ni podikasti."

"Podikasti ndiyo nini, dawa?"

"Kwangu mimi, ndiyo, ni dawa." Akaketi juu ya ndoo iliyogeuzwa. "Chukulia ni redio, lakini redio inayokusubiri. Redio ya kawaida ukienda kuzima jiko, ukirudi wameshafika mbali, hujui nani kaolewa na nani kafukuzwa. Hii ukiondoka inasimama. Ukirudi, inaendelea palepale kwenye neno ulilolikatia."

"Inanisubiri mimi?"

"Wewe tu."

Sijui kwa nini maneno yale yaliniingia vile. Labda kwa sababu maisha yangu yote mimi ndiye niliyekuwa nasubiri. Nimemsubiri mume arudi safari, mtoto atoke shule, maji yachemke, mvua ipungue, wageni wamalize kula ndipo nami nile. Hakijawahi kutokea kitu kikasimama mlangoni kikaniambia, nenda, ukirudi utanikuta.

Fundi huyu aliletwa na binti yangu. Nina mtoto mmoja tu, nesi mkuu wa wodi ya wazazi, mtu aliyezoea kuwaambia watu wazima wasukume saa ngapi na wapumue saa ngapi. Yeye ndiye aliyekata shauri kwamba nyumba ipakwe rangi, ipangishwe, na mimi nihamie kwake. Rangi aliichagua mwenyewe: ya maziwa. "Rangi ya wapangaji, mama, haimchukizi mtu." Baba yake alishatutoka zamani, tangu binti akiwa bado chuoni, na nilishazoea mtu mwingine kuamua. Nikakubali, shingo upande, nikaanza kufunga vikombe kwenye magazeti.

"Leta simu yako," fundi akasema.

Simu yangu ilikuwa ya kupokelea amri za binti yangu. Akaishika kwa vidole viwili asiipake rangi, akabonyeza hapa na pale, akaweka programu ya hizo podikasti.

"Sikiliza, bibie. Watu wengi wakianza wanajaza. Habari, mapishi, afya, mpira, vichekesho, kila kitu. Baada ya siku chache wamechoka, wanasema podikasti si za watu kama sisi. Wewe chukua kimoja. Kikikukataa, kiache bila hata kuaga, hakina moyo wa kuumia. Pili, pakua asubuhi, ili mtandao ukikatika uendelee na mambo yako. Tatu, usikae kitako kama uko mkutanoni. Hiki kitu kinataka mikono iwe na kazi."

"Mikono yangu haijawahi kukosa kazi."

"Basi umeshahitimu."

Alinichagulia hadithi ya vipindi vingi, *Ofisi ya Vitu Vilivyopotea*. Kuna mwanamke anafanya kazi stesheni ya treni, anatunza vitu ambavyo abiria wamesahau. Kuna bwana mmoja, kila siku anakuja dirishani kuuliza mwavuli wake.

"Na wewe umefika wapi?" nikamuuliza.

Akaangalia chai yake. "Ah, mimi nimeonja tu mwanzo. Naweza kuanza upya, tuende pamoja. Lakini pamoja, bibie. Mtu asimtangulie mwenzake."

"Nani amtangulie nani? Mimi hata kuifungua siwezi."

Akaenda kununua msasa. Mimi, mwenye sifa ya subira mtaa mzima, siku hiyo subira ilinitoka kama maji kwenye chujio. Nikavaa vidude vyangu vya masikioni vilivyokuja na simu na kukaa kwenye boksi miaka yote hiyo. Nikaona vipindi vimepangwa, nikabonyeza cha juu kabisa. Cha juu si ndicho cha kwanza? Ndivyo nilivyosoma shuleni, kwa hayo madarasa machache niliyoyapata: unaanza juu, unashuka.

Sauti ya mwanamke ikaniingia, nzito kidogo, kama ya mtu aliyetoka kuamka. Jamani, sahani nilizozifuta siku ile zingeweza kutumika kama vioo. Nilicheka, nikalia, nikakaa juu ya katoni ya sufuria, nikasikia mpaka wanawashukuru watu wote waliotengeneza. Nikajisemea, kumbe hadithi ya siku moja. Sasa mbona fundi kasema ni ndefu?

Kesho yake alipoiwasha yeye kwenye simu yake, akashusha orodha yote mpaka chini, chini kabisa, akabonyeza. "Wanaweka kipya juu," akasema. "Cha kwanza kiko huku chini." Nikahisi damu inanipanda usoni. Mwisho wote ninao kifuani, yeye anakunja mikono ya shati kwa hamu kama mtoto anayesubiri sarakasi. Ningesemaje? Tulikwisha kuahidiana. Nikameza ulimi.

Tulijaribu kusikiliza kwa sauti ya nje, ikashindikana. Chumba kilikuwa kitupu, kila neno linarudi na mwangwi wake. Ndipo akanipa kidude kimoja, yeye akabaki na kingine, waya mmoja kati yetu. Na hapo ndipo kazi ilipoanza kuharibika, maana waya ule ulikuwa mfupi. Akipanda ngazi, unanivuta sikio. Nikienda na katoni zangu, unamchomoka. Basi akawa anakaa juu ya ndoo na kupaka pale mkono unapofika, mimi kwenye kiti kifupi pembeni yake na vikombe vyangu na magazeti yangu, magoti yetu karibu lakini hayagusani. Kila tulipomaliza kipindi kimoja tulijadiliana kuliko wabunge.

"Ataondoka," alikuwa anasema. Maana yule mwanamke wa stesheni kapata uhamisho, anapelekwa mji wa mbali. "Huyu ataondoka, na yule bwana hana ulimi. Mwavuli, mwavuli, kila siku mwavuli."

"Labda mwanamke ndiye atakayesema."

"Unajua kitu, wewe?"

"Nitajua nini na mimi ndiyo kwanza nasikia?"

Akanitazama kwa pembeni. Alikuwa na macho ya mtu aliyezoea kukagua kuta, anayeona hata ufa ambao mwenye nyumba ameusahau. Nikainamia vikombe. Umri wangu huu, niwaambieni, nilidhani mambo hayo ya kupigwa na jicho mpaka ukasahau unafunga nini yalishanihama. Kikombe kimoja nilikifunga kwenye magazeti mpaka kikawa kama tikiti.

Siku nyingine aliniambia alivyoanza. Mkewe alipofariki, alirudi kazini haraka mno, na kazi yake ni ndani ya nyumba tupu. "Brashi kwenye ukuta wa nyumba tupu ina sauti yake, bibie. Inakula mtu. Nikaona heri watu wanisemeshe sikioni."

"Na sasa?"

"Sasa natumia sikio moja tu." Akachovya brashi. "Linanitosha."

Kitu kimoja tu kilikuwa kinanishangaza. Alikuwa anacheka kabla ya kichekesho. Yule mwanamke hajafungua mdomo, fundi mabega yanatikisika. Nikasema labda kidude cha kulia kinapokea mapema.

Basi tukabakiza kipindi kimoja. Kile cha juu. Ilikuwa Jumamosi asubuhi, jua limejaa sebuleni, madirisha yote wazi kwa ajili ya harufu ya rangi. Nilikuwa nimevaa gauni la bluu ambalo nilipaswa kulifungasha tangu zamani. Fundi naye alikuja na shati safi ndani ya ovaroli, tena limepigwa pasi. Hakuna aliyesema lolote juu ya nguo ya mwenzake.

"Uko tayari?" akaniuliza. Sauti yake haikuwa ya kawaida. "Kikiisha hiki, bibie, na mimi nina neno langu."

Moyo ukanidunda mpaka nikahisi utasikika kwenye waya. Nikatikisa kichwa kuitika. Kidole chake kilikuwa hakijagusa simu pale mlango uliposukumwa.

"Mama."

Binti yangu. Hakupiga simu, hakubisha. Amesimama na mkoba begani na funguo za gari mkononi, akinitazama mimi, akamtazama fundi, akautazama waya kutoka sikio langu mpaka sikio la mwanaume.

"Mama, mbona mmefungwa kamba moja kama mbuzi?"

"Tunasikiliza podikasti," nikasema.

"Mnasikiliza nini?"

"Ni kama redio," nikaanza, "lakini redio inayo..."

"Najua podikasti ni nini, mama. Sijui wewe umeijulia wapi." Akamgeukia fundi. Hasira zilikuwa zimempanda, lakini malezi ni malezi. "Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu."

"Mimi si mwanao."

Fundi akakubali kwa kichwa, akatoa kidude chake sikioni polepole, akasimama. Aliposimama, ukuta wote nyuma yake ukawa wazi, na mimi mwenyewe ndiyo nikauona siku hiyo kwa mara ya kwanza kama anavyouona mtu anayetoka nje. Kuanzia sakafuni mpaka usawa wa bega la mtu aliyeketi kwenye ndoo, ukuta ulikuwa wa maziwa, mnene, unang'aa, umepakwa ukapakwa tena. Juu yake ukuta ulikuwa uleule wa miaka yote, na vivuli vya picha nilizoshusha.

Binti yangu akausogelea. Akapitisha kidole kwenye ule mpaka.

"Fundi, wewe umepaka nyumba ngapi maishani?"

"Nyingi."

"Ukuta unaanzwa juu au chini?"

"Juu."

"Kwa nini?"

"Matone yanadondoka chini. Ukianza chini unaharibu."

"Sasa hii ni nini?"

Fundi akautazama waya mkononi mwake. Alikuwa mtu mzima mwenye mvi, lakini nilimwona anavyotafuta pa kuficha mikono. "Waya haufiki juu," akasema.

Ningecheka, kama binti yangu asingekuwa anatetemeka mdomo.

"Mama, njoo jikoni."

Nikamfuata. Jikoni kulikuwa na sufuria moja tu na vikombe viwili ambavyo sikuvifunga. Akaviona. Akavihesabia maana yake.

"Watu watasema nini, mama?"

"Watu gani? Jirani wa huku haoni vizuri, wa kule anasafiri."

"Usinifanyie utani. Fundi rangi, mama. Mtu nimemleta mimi mwenyewe, kwa kazi. Kumbe nimemletea mama yangu mchumba."

"Hajanichumbia."

"Angalia uso wako unavyosema hajanichumbia." Akavua mkoba, akauweka, akauvaa tena. "Na baba je?"

"Baba yako nilimpenda akiwa hai na nilimlilia alipokufa. Hakuna siku nilimpunja. Na yeye angeuona ukuta ule angecheka."

Akauvua tena mkoba. Halafu likatoka lile lililokuwa chini ya yote, na sauti ya nesi mkuu ikaondoka, ikabaki ya mtoto wangu.

"Ulianguka bafuni, mama. Ulikaa pale sakafuni mpaka jirani alipokuja kuazima pasi. Mimi nilikuwa wodini nawashika mikono mama za watu, mama yangu yuko kwenye vigae vya baridi hana wa kumwita. Unajua nikipigiwa simu mchana huwa nafikiri nini? Sikupeleki kwangu kwa sababu nakuonea. Nakupeleka kwa sababu naogopa."

Nikamshika mkono. Alikuwa amekonda, naye hakuwa na wa kumwambia. "Najua, mwanangu. Kwako ni kuzuri. Lakini kwako nitakaa nikisubiri utoke kazini. Nimesubiri sana. Nimechoka kuwa mtu wa kusubiri."

"Kwa hiyo unataka nini?"

Swali dogo hilo. Sikumbuki kama niliwahi kuulizwa.

Kabla sijajibu tukasikia ngazi inaburutwa. Tukatoka. Fundi alikuwa ameshafunga waya wake, kaupachika mfukoni, yuko juu karibu na dari, rola inapanda na kushuka. Alikuwa anapaka kama wanavyopaka watu wanaotaka kuondoka. Masikio yake yote mawili yalikuwa matupu.

"Namaliza leo," akasema bila kugeuka. "Nimekosa, dada. Kazi nitaiweka sawa na hakuna atakayejua."

"Na kipindi chetu?" nikamuuliza.

"Si lazima, bibie."

"Ulisema una neno."

Rola ikasimama. Ikaendelea. "Si lazima," akarudia, chini zaidi.

Binti yangu alikuwa mlangoni, mikono kifuani. Nikamtazama yule mwanaume mgongoni, kwenye kola ya shati lile lililopigwa pasi kwa ajili yangu, na nikajua kabisa kinachokuja. Atamaliza ukuta, atakunja turubai, ataaga kwa heshima, na mimi nitapanda gari na katoni zangu. Miaka yote itakayobaki nitaulizia mwavuli. Na mimi ndiye niliyejua mwisho. Mtu pekee chumbani mle aliyekwisha kuusikia, na bado nimekaa nao kimya kama peremende shavuni.

Nikasogea mpaka chini ya ngazi. Sauti yangu ilitoka si yangu, ilikuwa ya yule mwanamke wa stesheni, siku ile treni imeshapiga honi na sanduku lake liko mlangoni.

"Mwavuli wako sijawahi kuutafuta," nikasema.

Rola ikasimama katikati ya ukuta. Fundi hakugeuka. Kisha, polepole, akiwa anautazama ukuta, akajibu:

"Nilijua hukuutafuta. Sikuwahi kuwa na mwavuli."

Nikashika ngazi. Yale yalikuwa maneno ya bwana wa stesheni, neno kwa neno. Ya kipindi cha mwisho. Cha juu kabisa.

"Wewe," nikasema. "Wewe umeshakisikia."

Sasa akageuka. Uso ulikuwa umemwiva mpaka masikio. "Na wewe je? Umeyatoa wapi hayo ya mwavuli?"

"Siku ya kwanza. Nilibonyeza cha juu. Nilidhani ndiyo mwanzo."

"Siku ya kwanza? Umekaa na mwisho tangu siku ya kwanza unanitazama nabishana peke yangu?"

"Na wewe?"

Akajikuna shingo kwa mkono wenye rangi. "Siku uliponigongea ngazi na kijiko, nilikuwa naisikiliza mara ya pili."

Ndiyo maana alikuwa anacheka kabla ya kichekesho. Nilimtazama, akanitazama, na kicheko kilichotutoka kilirudi na mwangwi wake kutoka kila ukuta, mpaka chumba kikasikika kama kina arusi. Nilicheka nikakaa juu ya ndoo. Yeye aliteremka kwa kupapasa maana machozi yalikuwa yamemziba.

"Ulisema ataondoka," nikamwambia nilipopata pumzi. "Kila siku, ataondoka, ataondoka. Na unajua hakuondoka."

"Nilitaka nikusikie unavyobisha." Akapiga goti moja kwenye turubai, si kwa mbwembwe, magoti yake yalihitaji kupumzika. Lakini macho yakawa usawa wa macho yangu. "Bibie, dari hii niliimaliza mapema. Ukuta wa chini nilishaumaliza mara tatu. Kama ungekuwa unasema chai imekwisha, ningeondoka zamani. Hukusema. Mimi sina cha kukuahidi kikubwa. Nina kazi, nina afya, nina sikio moja. Nikae?"

Nilimtazama binti yangu mlangoni. Sikumwomba ruhusa, nilitaka tu aone uso wangu wakati nasema.

"Kaa," nikasema. "Na mimi nakaa. Nyumba haipangishwi."

Binti yangu akaikunjua mikono. Akapita kati yetu mpaka ukutani, akasimama mbele ya ile rangi yake ya maziwa, mgongo ametugeuzia. Niliona mabega yake yanatikisika, nikadhani analia. Nikainuka. Alipogeuka alikuwa analia kweli, lakini mdomo ulikuwa unamsaliti.

"Waya haufiki juu," akasema. "Mtu mzima mzima ananijibu, waya haufiki juu." Akajifuta kwa kiganja. "Fundi, mama yangu akianguka?"

"Nitamwinua. Nikishindwa nitakupigia, kisha nitakaa naye sakafuni mpaka ufike."

Akamtazama muda mrefu, ule utazamaji wake wa wodini wa kupima nani anadanganya maumivu. "Sijakubali," akasema mwishowe. "Nataka muelewe hivyo. Nitakuja kila Jumamosi bila kupiga simu."

"Njoo na mikono mitupu," nikamwambia, "kuna kuta bado."

"Rangi gani sasa? Hii ya maziwa mtaimaliza?"

"Hiyo ni ya wapangaji. Mimi nataka ya papai lililoiva."

"Mama, papai? Sebuleni?"

"Sebuleni. Mpaka juu."

Fundi alikuwa ameshatoa kalamu mfukoni, anapima ukuta kwa macho, uso wote unawaka.

Kabla hajaondoka binti alinipa simu yake, huku akiangalia pembeni kama mtu anayeomba kitu asichokitaka. "Niwekee na mimi hicho kitu. Njia ni ndefu." Nikaishika kwa vidole viwili, nikabonyeza hapa na pale kama nilivyofundishwa.

"Usijaze," nikamwambia. "Chukua kimoja hiki. Mikono iwe kwenye usukani, masikio huku. Na shuka mpaka chini kabisa, huko ndiko mwanzo. Cha juu usikiguse."

Jioni simu ikalia, nikaiweka sauti ya nje. Fundi alikuwa juu ya ngazi, mara hii ameanzia juu kama inavyotakiwa, ukuta unaiva papai pole kwa pole kwa rangi tuliyonunua mchana, na dirisha linaingiza mwanga wa mwisho wa siku.

"Mama," binti akasema. Nyuma yake kulikuwa kimya cha gari lililozimwa. "Nimefika nyumbani kitambo. Nimeshindwa kushuka kwenye gari."

"Umefika wapi?"

"Amepata uhamisho. Mama, niambie tu, usinieleze mengi. Ataondoka?"

Nikafungua mdomo nimwambie asikilize. Lakini kicheko kikanitangulia, na nilipoinua macho, fundi juu ya ngazi alikuwa ameshaanza kucheka kabla yangu.